Waraka wa Viti vya Mbele

Wananchi walitangaziwa asubuhi ya Jumatatu, kwa kishindo kinacholingana na uzito wa jambo lenyewe, kwamba tatizo la kutapanya fedha za umma limekwisha. Lilikwisha saa nne na robo. Mheshimiwa Waziri wa Kubana Matumizi na Maisha ya Wastani alisimama mbele ya vipaza sauti kumi na kimoja, akafungua jalada la ngozi, akasoma Waraka Namba Saba: kuanzia siku hiyo, hakuna mtumishi wa umma atakayekaa kwenye viti vya mbele vya ndege kwa fedha ya serikali. Wote watakaa nyuma pamoja na wananchi, goti kwa goti. Anayetaka kulala angani kama mtoto mchanga, ajilipie kwa mshahara wake.

Watu walipiga makofi. Waraka ulikuwa umechapwa kwenye karatasi nene yenye kingo za dhahabu, nakala elfu nne, na nakala ya Mheshimiwa mwenyewe ililetwa kwa ndege kutoka ng'ambo ilikochapwa, ikiwa imekaa kwenye kiti cha mbele peke yake ili isikunjike.

Katika safu ya tatu ya waliopiga makofi alikuwepo Mkurugenzi wa Nidhamu ya Matumizi. Yeye alipiga kuliko wote, kwanza kwa sababu ndiye aliyeuandika waraka ule, na pili kwa sababu haikumpitikia hata dakika moja kwamba unamhusu.

Ulianza kumhusu saa sita mchana, alipoingia ofisini kwake karani wa safari. Huyu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekata tiketi za wakubwa kwa miaka kumi na minne kutoka kwenye chumba kisicho na dirisha chini ya ngazi. Wizara nzima ilimwita Mama Safari. Ndege alikuwa akiziona kwa chini tu, zikipita.

"Bosi, lile kongamano la mwezi ujao," alisema. "Nimeshakukatia. Safu ya thelathini na nane."

"Thelathini na nane ni wapi?"

"Ni nyuma, bosi."

"Nyuma ya nini?"

Mama Safari alifikiri. "Nyuma ya kila kitu."

Hapa msomaji asidhani kwamba Mkurugenzi alikuwa mtu wa kupenda starehe. Angekaa hata kwenye ndoo kama ndoo ingekuwa mahali panapostahili. Tatizo lilikuwa la kiutumishi. Naibu Katibu Mkuu alikuwa amestaafu, kiti chake kilikuwa wazi mwezi wa tatu sasa, na kila mtu wizarani alijua, ingawa hakuna kanuni iliyoandika hivyo, kwamba vyeo vikubwa havigawiwi ofisini. Ofisini kuna mafaili na watu wa kukumbusha taratibu. Vyeo hugawiwa angani, nyuma ya lile pazia la mbele, baada ya chakula, Mheshimiwa akishavua viatu. Naibu aliyestaafu aliupata unaibu wake kwa kummenyea Mheshimiwa wa wakati ule chungwa, juu ya mawingu, bila kukata ganda hata mara moja. Mkurugenzi alikuwa na miaka hamsini na minane. Ukurugenzi alikuwa nao mwaka wa kumi na moja. Safari ya kongamano ilikuwa ya saa tisa moja kwa moja, naye Mheshimiwa angekuwemo. Saa tisa na Waziri asiye na viatu: nafasi ya namna hiyo haikuwa inarudi tena kabla ya kustaafu.

"Nitajilipia," alisema Mkurugenzi.

Mama Safari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama mtu anayetaka kuona vizuri kitu cha nadra.

"Kuna njia tatu za kukaa mbele kwa mfuko wa mtu mwenyewe," alisema. "Pesa, pointi, na uvumilivu."

"Uvumilivu ni upi?"

"Unazunguka. Unapanda ndege nne, siku tatu, unalala kwenye viwanja vya watu. Lakini kote unakaa mbele, na bei ni nusu."

"Mheshimiwa naye anazunguka?"

"Yeye anakwenda moja kwa moja."

"Basi uvumilivu uondoe."

"Kwenye ya moja kwa moja kimebaki kimoja tu. Mbili A. Ila hicho, bosi, shirika huwa halipendi kukiuza. Hukiacha wazi mpaka mlango ufungwe, ili mkubwa akikutwa nyuma wamvute mbele."

Mkurugenzi alicheka mpaka akakohoa. "Mkubwa gani huyo atakutwa nyuma?"

Mama Safari aliutazama ule waraka wenye kingo za dhahabu, uliokuwa umelala juu ya meza katikati yao.

"Sijui, bosi. Mimi nakata tiketi tu."

Alipotajiwa bei, Mkurugenzi aliuliza kama ni ya kiti au ya ndege. Ilikuwa ya kiti. Ililingana na mshahara wake wa miezi saba, kabla ya makato. Na hakuuliza Mheshimiwa amekatiwa kiti namba ngapi, kwa kuwa kumuulizia Waziri kiti chake ni sawa na kumuulizia mkweo godoro lake. Ilitosha kujua kwamba ni mbele. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika nyaraka ishirini na sita katika utumishi wake, na hakuwahi kuona hata moja ikimpata aliyeitia saini.

*

Jioni ile aliitisha kikao cha familia. Alikuwa na mke na binti mmoja aliyebaki nyumbani, kwa hiyo akidi ilitimia. Aligawa ajenda.

"Ajenda ya kwanza," alisoma, "kufungua kikao."

"Baba watoto," alisema mkewe, aliyekuwa mkunga na ndiyo kwanza ametoka zamu, "mimi nimesimama tangu alfajiri. Kama kuna mtu amekufa, sema."

Hakuna aliyekufa. Mkurugenzi aliwasilisha Mkakati wa Kaya wa Kumudu Kiti cha Mbele, wenye dira, dhima na malengo manne. Kaya ingejielekeza kwenye mahitaji ya msingi. Jokofu lingepumzishwa siku nne kwa wiki. Nyama ingebaki kuwa malengo ya muda mrefu. Na makochi ya sebuleni, yale ya ngozi, yaliyonunuliwa mwaka aliopandishwa cheo, yangepata mnunuzi.

Binti yao alisoma ukurasa wa tatu mara mbili. "Baba, yaani tunauza viti ili wewe ukakae kwenye kiti?"

"Ukilisema hivyo linakuwa baya. Liseme kwa lugha ya mpango."

"Kwa lugha ya mpango linasemwaje?"

"Tunahamisha ukaaji."

Mkewe alikuwa amevua viatu, anajikanda unyayo. "Mwaka huu peke yake nimezalisha watoto mia tatu na kitu," alisema. "Wote wametangulia kichwa, wamebanwa, wamelia, wamefika. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza daraja."

"Mama watoto, hili ni suala la unaibu."

"Unaibu ukija, utarudi na makochi?"

"Yatarudi mawili mawili."

"Basi ukakae," alisema mkunga. "Lakini mama akija, wewe ndiye utakayemwambia akae wapi."

Alikuja wiki ya pili, bila kutoa taarifa, kama wanavyokuja mama wakwe wa dunia nzima. Alisimama mlangoni, akaitazama sebule: meza ndogo katikati, na kuizunguka, stuli tatu za plastiki nyekundu.

"Mwanangu," alimuuliza mkwewe kwa upole, "mmehama, au ndiyo mnahama?"

"Tuko kwenye kipindi cha mpito, mama."

"Na mimi nikae wapi kwenye hicho kipindi?"

Mkurugenzi alimsogezea stuli. Mama mkwe alikuwa mwanamke mwenye mwili wake, na stuli ile ilimtosha nusu. Alikaa nusu hiyo kwa siku nne, na kila alipoinuka, stuli iliinuka naye.

*

Makochi yalitoa theluthi ya bei. Iliyobaki ilitakiwa itoke kwenye pointi.

Kituo kimoja cha mafuta karibu na wizara kilikuwa kinatoa pointi za safari kwa kila lita. Mwenye kadi akijaza, pointi zinaingia. Zikitosha, zinageuka kiti. Mkurugenzi alikuwa na kadi moja, na wizara ilikuwa na magari arobaini na mawili. Akaelekeza, kwa maandishi, kwamba kwa sababu za uratibu magari yote yajazwe mafuta kituoni hapo, na namba ya kadi iwe moja. Jambo hili lilikuwa halali kabisa. Fedha ilikuwa ya umma, mafuta yalikuwa ya umma, magari yalikuwa ya umma. Pointi tu ndizo zilizokuwa zake, na pointi si fedha. Aliliandikisha hilo kwenye kumbukumbu za kikao alichokaa peke yake.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda polepole. Mkuu wa madereva, mzee mmoja mnene wa maneno machache, alipanda ngazi kuja kueleza.

"Bosi, matenki yamejaa."

"Yote?"

"Yote. Hatujatumwa popote."

"Basi zungukeni."

"Tuzunguke wapi?"

Mkurugenzi alichungulia dirishani. "Ule mzunguko wa barabarani pale ni wa nini?"

Kwa siku kumi na tatu, magari arobaini na mawili ya Wizara ya Kubana Matumizi yaliuzunguka mzunguko ule, moja nyuma ya jingine, bendera zikipepea. Wauza karanga walihamia hapo. Watu waliopita walisimama kando ya barabara wakisubiri msafara uishe, wakajiuliza ni mgeni gani huyo asiyefika. Mafuta ya robo mwaka yalikwisha wiki tano kabla ya robo yenyewe, na wakaguzi wa wilayani wakaacha kwenda wilayani, kwa kuwa hapakuwa na cha kuwapeleka. Taarifa ya wizara ililipokea hilo kwa furaha: safari za ndani zilikuwa zimepungua kwa asilimia tisini na moja, mafanikio ambayo hayajapata kuonekana.

Pointi zikatosha. Mama Safari akabonyeza alichobonyeza, mashine ikanguruma, akamkabidhi bosi wake tiketi na risiti. Mkurugenzi aliipeleka risiti ikafunikwe plastiki. Waraka ulisema ajilipie, naye alitaka, popote atakapoulizwa, awe na ushahidi usiolowa.

"Safari njema, bosi," alisema Mama Safari. "Tutaonana humo."

"Humo wapi?"

"Kwenye ndege. Nabeba boksi la vijitabu."

Ilikuwa kweli. Wizara ilihitaji mtu wa kwenda na vijitabu vya kongamano, vilivyoitwa *Kaa Nyuma, Tufike Pamoja*, na maafisa kumi na wawili waliopendekezwa walikuwa wameugua ghafla mara tu waliposikia namba ya safu. Mama Safari hakuwahi kuugua kazini. Ndipo ikagundulika kwamba hakuwahi kusafiri pia.

*

Siku yenyewe ndege iliruka saa tatu asubuhi.

Kiti cha Mbili A kilikuwa kipana kama kitanda cha hospitali ya kulipia, na Mkurugenzi alikikalia kwa adabu, kama mtu anayesubiri kuitwa. Aliwachunguza wenzake wa mbele. Kulikuwa na muuza simu wa jumla aliyevaa kaptura. Kulikuwa na maharusi wanaolishana zabibu. Kulikuwa na mtoto wa miezi minane, mwenye kiti chake, analala. Waziri hakuwepo. Mkurugenzi alijua kwamba wakubwa huingia mwisho, akasubiri. Mlango ukafungwa. Ndege ikapaa. Taa ya mikanda ikazimika, pazia likavutwa, na kiti cha jirani kikabaki na zabibu za maharusi tu.

Alimwita mhudumu. "Binti, samahani. Mheshimiwa Waziri ameahirisha safari?"

"Hapana, mzee. Yumo."

"Yumo wapi?"

"Safu ya arobaini na moja. Katikati."

Mkurugenzi alitabasamu kama mtu anayefanyiwa utani na mtoto wa mwenye nyumba. Mhudumu akainama, akashusha sauti.

"Hata sisi tumechanganyikiwa, mzee. Tangu ule waraka utoke, hii ni safari yake ya tano. Anapanda, anakaa kule nyuma, wanampiga picha na wananchi, halafu taa ya mikanda ikizimwa mmoja wetu anakwenda kumnong'oneza, tunamleta hapa, kiti hiki hiki. Kinaachwa wazi kwa ajili yake. Leo tunaangalia kwenye mfumo, kimelipiwa. Tumeangalia mara tatu. Sijui ni mtu gani aliyechoka na pesa zake akaamua—"

Macho yake yalifika kwenye risiti ya plastiki iliyokuwa imechomoza mfukoni mwa koti.

"Unapendelea juisi gani, mzee?"

Mkurugenzi hakupendelea juisi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha Waziri. Alikuwa ameuza makochi, amemwinua mama mkwe na stuli, amezungusha magari arobaini na mawili kwa siku kumi na tatu, na kwa juhudi zote hizo amemfungia mlango mtu yule yule aliyetaka amfungulie.

Mtu wa kawaida, kwa mfano wewe, angemwambia mhudumu amwite Mheshimiwa kimyakimya, angeinuka, wabadilishane, yaishe. Ndiyo maana wewe si mkurugenzi. Miaka kumi na moja ilikuwa imemfundisha kwamba fadhila ya kimyakimya haina mwenyewe. Baba yake Mheshimiwa alipofariki, aliyebeba jeneza mbele ya kamera alipewa idara. Aliyelinunua jeneza alipewa risiti. Mkurugenzi alifunga vifungo vya koti, akavuka pazia.

Huko alikuwa hajawahi kufika. Alitembea katikati ya watu waliopangwa kama mafaili, akiwapa mkono huku na kule kama aliyekuja kukagua mradi, mpaka akafika mahali ambapo ndege inakwisha na vyoo vinaanza.

Waziri alikuwa katikati, kwa kuwa mpiga picha alitaka wananchi waonekane pande zote mbili. Kuliani kwake alilala muuza vipuri mmoja mpana, bega lake likiwa limechukua theluthi ya Mheshimiwa. Kushotoni, dirishani, alikaa Mama Safari na boksi la vijitabu mapajani. Ng'ambo ya ujia alikaa mwandishi wa gazeti, dada kijana aliyealikwa kuandika makala ya kurasa mbili kuhusu Waziri anayeishi anachokihubiri. Alikuwa ameshafunga daftari.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

"Marahaba." Waziri hakuinua uso. Alikuwa anautazama ule ujia kama mtu anayengoja kunong'onezwa.

"Nimekuja kukurudishia kiti chako."

"Kiti changu hiki hapa."

"Hapana, Mheshimiwa. Kile cha mbele. Kile wanachokuwekea."

Mwandishi alifungua daftari.

"Mkurugenzi," alisema Waziri taratibu, "rudi ukakae."

"Nitakaaje mbele, na wewe uko huku chooni? Mimi sikujua kwamba ni chako. Ningejua ningekigusa?"

"Mimi ni mtu wa watu. Nimeridhika hapa."

"Unasema hivyo kwa unyenyekevu wako, lakini wahudumu wameniambia. Kila safari unakaa huku mpaka picha ziishe tu, halafu—"

"Mkurugenzi."

"Samahani, Mheshimiwa," alisema yule dada, kwa heshima zote, kalamu ikiwa tayari. "Kila safari wanakuwekea?"

Waziri alifungua mdomo, lakini Mkurugenzi, aliyeona hatimaye amepata shahidi, alimtangulia. "Kila safari, dada. Nne mfululizo. Andika hivyo. Mheshimiwa huyu, tangu awe mheshimiwa, hajawahi kulala amekaa."

Alilisema kama sifa. Kwenye safu ya arobaini mtu alicheka puani. Kwenye safu ya thelathini na tisa mtu aliinua simu, na kijitaa chake kilikuwa chekundu.

Mheshimiwa hakuwa amefika alipofika kwa bahati. Alisimama. Kichwa kiligonga kabati la mizigo, akasimama hivyo hivyo nusu, shingo upande, na alipozungumza alikuwa tayari na sauti ya vipaza sauti kumi na kimoja.

"Ndugu abiria. Mkurugenzi wangu amejilipia kiti cha mbele kwa mshahara wake, kama waraka unavyotaka. Na amekuja huku kwa hiari yake kukitoa. Anakitoa kwa mtumishi wa ngazi ya chini." Mkono wake ulitafuta ngazi ya chini, ukaipata dirishani. "Kwa huyu mama."

"Mimi?" alisema Mama Safari.

"Wewe."

"Nina boksi, Mheshimiwa."

"Nenda na boksi."

Watu walipiga makofi, na safari hii yalikuwa ya kweli. Mama Safari hakujivunga. Alimruka Waziri, akamruka muuza vipuri, akatokea ujiani akiwa amekumbatia boksi lake, uso kwa uso na bosi.

"Mbili A, siyo?" aliuliza.

"Unakijua," alisema Mkurugenzi kwa shida.

"Nimekikata mara mia mbili na kumi na sita. Leo ndiyo naenda kukiona."

Akaondoka kuelekea kwenye pazia, hana haraka, anasalimia watu.

Mhudumu alimgusa Mkurugenzi bega. Ndege ilikuwa inatikisika kidogo, hairuhusiwi kusimama. Mkurugenzi alimwonyesha risiti. Mhudumu aliisoma yote, akamrudishia, akamwonyesha kiti cha dirishani. Basi akamruka muuza vipuri, akamruka Waziri kwa kuomba radhi mara saba, akajishindilia pale dirishani, magoti yakagusana na kiti cha mbele yake na kiwiko kikagusana na Serikali.

Alikuwa amepata alichokitaka. Kwa saa nane na dakika kumi mfululizo hakuna ambaye angeweza kumtenganisha na Waziri.

Waziri alitazama mbele. Aliyekuwa mbele yake alilaza kiti, na kichwa chenye nywele za mafuta kikaja kutulia karibu na pua ya Mheshimiwa. Ng'ambo ya ujia kalamu ilikuwa inakimbia. Muda ulipita. Kililetwa chakula kwenye trei ndogo, kikaondolewa. Waziri hakuvua viatu. Nafasi ya kuinama haikuwepo.

Ndipo mhudumu akaja tena. "Mzee, yule mama wa mbele anauliza kiti kinalazwaje."

Mkurugenzi alihisi sikio la Waziri likigeuka. "Kuna vitufe vitatu," alisema kwa sauti ndogo. "Abonyeze cha chini, asikiachie mpaka kiti kisimame chenyewe. Shuka liko kwenye mfuko."

"Na boksi?"

"Aliweke pale pa kuwekea miguu. Panatosha."

Mhudumu akashukuru, akaenda. Waziri alipumua kupitia nywele za mtu.

"Mkurugenzi."

"Naam, Mheshimiwa."

"Ile nafasi ya Naibu."

Mkurugenzi alikuwa ameiandaa hotuba ya kuiomba kwa mwezi mzima, yenye mafungu ya kutosha saa tisa, na sasa hakukumbuka hata salamu yake.

"Naam, Mheshimiwa."

"Kesho habari hii itakuwa kila mahali. Nafasi ile nitaijaza na mtu anayeonekana kukaa nyuma."

"Mimi niko nyuma, Mheshimiwa."

"Wewe umelipia mbele," alisema Waziri. "Risiti ina jina lako. Umeifunika na plastiki."

Mkurugenzi aliliangalia dirisha. Nje kulikuwa na mawingu, mengi, yasiyo na dalili yoyote ya cheo. Alikaa hivyo mpaka jambo jingine, dogo lakini lisilosubiri, likaanza kumsumbua. Maji ya chakula yalikuwa yamefika yanakofika. Choo kilikuwa hatua tatu. Kati yake na choo kulikuwa na Waziri.

"Mheshimiwa, samahani. Naomba kupita."

Waziri alikuwa amefumba macho. "Andika barua," alisema.

Mkurugenzi alisubiri aone kama ni utani. Haukuwa. Alipapasa mfuko wa kiti, akapata karatasi pekee iliyokuwemo, ule mfuko wa kutapikia, akautandaza gotini, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa miaka mingi: *YAH: OMBI LA KUPITA KUELEKEA CHOONI. Mheshimiwa, husika na somo tajwa hapo juu.* Alieleza sababu kwa aya mbili, akatia saini, akatia na tarehe, akampa kwa mikono miwili.

Waziri alifumbua jicho moja. Alisoma mfuko wote, akaugeuza kuona kama una viambatisho, akamwomba yule dada kalamu. Aliandika pembeni, akautia kwenye mfuko wa kiti kilichokuwa mbele yake, akafumba macho tena.

Mkurugenzi alinyoosha shingo akasoma.

*Ombi limepokelewa. Linafanyiwa kazi.*

Zilikuwa zimebaki saa sita na nusu.